Adhabu ya kushika: tunapima kutoka wapi?

Habari za jioni wandugu. Kabla ya mechi za Ijumaa tuiweke sawa hoja iliyozua mabishano jana humu: katika futiboli ya Marekani, mchezaji akimshika mpinzani isivyo halali, yadi za adhabu zinapimwa kutoka wapi?

Mpira uko yadi ya 30 ya timu inayoshambulia, dauni ya kwanza na 10 (yaani jaribio la kwanza, zikibaki yadi 10 kufikia lengo la kupata dauni mpya). Mkimbiaji anafika 45, lakini mwenzake amemshika beki wa wapinzani kwenye 38. Kosa liko nyuma ya pale mbio zilipoishia, tena ni la washambuliaji, kwa hiyo tunapima kutoka lilipotendeka: 38 kurudi yadi 10 hadi 28. Dauni inarudiwa, sasa ni ya kwanza na 12, kwa kuwa lengo bado ni yadi ya 40.

Je, huyo mwenzake angeshika kwenye 26, nyuma ya mstari wa kuanzia? Hapa ndipo wengi mnakwama na kanuni ya zamani, ya kupima kutoka kosa lilipotendeka. Tangu msimu wa 2023, NFHS (shirikisho linalotunga kanuni za michezo ya shule za sekondari Marekani) inataka makosa mengi ya namna hiyo yapimwe kutoka mpira ulipoanzia. Basi ni 30 hadi 20, si 26 hadi 16. Kocha atapiga kelele, mwacheni apige.

Beki akishika kwenye 33, yadi 10 zinaongezwa pale mbio zilipoishia. Na tafadhali, msilete mambo ya NFL, ligi ya kulipwa: kwa shule za sekondari, beki kushika hakuleti dauni mpya moja kwa moja. Pimeni kwanza.

Mwenye mfano mgumu zaidi autume leo, tuujadili kesho kwa simu saa mbili usiku.