Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: tulipeni kwanza, ndipo mtusherehekee

Mheshimiwa Meya,

Kwa heshima zote za cheo chako, nakuandikia hadharani kwa sababu njia za faragha nimekwisha kuzimaliza: barua pepe, simu, dirisha la wahasibu, hata yule kijana mpole wa mapokezi ambaye sasa ananijua kwa jina na kunionea huruma. Kilichonisukuma ni ujumbe ulioingia Jumatatu kutoka ofisi yako, ukinialika nilete bei ya chakula kwa sherehe ya mwaka huu ya kuenzi biashara za Watu Weusi, ile mnayoifanya kila Agosti. Ujumbe wenyewe ni wa kiungwana na umeisifu sana pilau ya mwaka jana. Tatizo, Mheshimiwa, ni kwamba pilau ya mwaka jana bado hamjailipia.

Naandika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Jiji hili la Ohio, Marekani, hutafsiri vipeperushi vyake kwa lugha yetu kila linapotaka kutuahidi jambo, kwa hiyo mtafsiri mnaye.

Siku ile ya sherehe ya mwaka jana ulipanda jukwaani ukasema kwamba uchumi wa jiji hautakuwa wa haki mpaka fedha za jiji ziwafikie wenye migahawa, wasusi na mafundi wa mitaa iliyosahauliwa. Maneno mazuri, na hayakuwa mageni, kwani tangu Mmarekani Mweusi George Floyd alipouawa na polisi Minneapolis mwaka 2020 tumeyasikia kwa kila kiongozi mwenye kipaza sauti. Mimi nilikuwa nyuma ya meza nikipanga sambusa, na nilikupigia makofi nikiwa bado na glovu mikononi.

Pengine hujaelezwa kazi moja ya jiji inamgharimu nini mwenye mgahawa mdogo. Kabla sijakaanga kitunguu cha kwanza, nilitakiwa nijisajili kama mzabuni, nijaze fomu za kodi, na nilete cheti cha bima ya dola milioni 1, ingawa mgahawa wangu wote, pamoja na jokofu na mimi mwenyewe, haufikii hata chembe ya thamani hiyo. Kisha ikaja nyama, mchele, iliki, mafuta, gari la kukodi na ujira wa wasichana walionisaidia, na hivyo vyote hulipwa papo hapo, kwa maana muuza nyama wangu hana utaratibu wa kusubiri idhini ya kamati. Benki ilikuwa imekwisha kuninyima mkopo. Sehemu ya fedha niliitoa kwenye kadi ya mkopo, ambayo riba yake inapanda hadi leo, na sehemu nyingine nilipewa na kina mama ninaocheza nao upatu, walioniruhusu nipokee kabla ya zamu yangu. Wengi wa kina mama hao husafisha maofisi usiku, yakiwemo ya katikati ya jiji. Hivyo, Mheshimiwa, wanaofagia ofisi zenu ndio waliolikopesha jiji lako. Riba hawadai, wanadai zamu zao.

Ninapofuatilia, kampuni kubwa mliyoipa kazi ya kuandaa sherehe hunijibu kwamba inasubiri fedha za jiji. Nikija kwenu, naambiwa kampuni imekwisha kulipwa. Nikirudi kwa kampuni, naambiwa iliyolipwa ni awamu ya kwanza tu, na sisi tuko kwenye awamu ya pili. Mara fomu yangu ilikosa sahihi, mara aliyeshika faili amehamishiwa idara nyingine. Mimi nadhani fedha zetu ziliishia kwenye jukwaa, taa na yale mabango makubwa yenye picha za nyuso zetu, na kama nakosea nionyesheni hundi.

Jirani yangu kinyozi, Mmarekani Mweusi ambaye baba yake alikuwa na duka mahali ambapo leo inapita barabara kuu, hucheka ninapomsimulia haya. Yeye ameyaona makubwa zaidi. Katika miaka ya 1930 chombo cha serikali kuu kilichora ramani za miji zaidi ya 200, na karibu kila mtaa wa Weusi ukapakwa rangi nyekundu, maana yake kukopesha hapa ni hatari. Mtaa ukinyimwa mikopo huchakaa, na ulipochakaa ukaitwa uchafu wa kufagiliwa. Baada ya sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, miji mingi, na hapa Ohio tunayo mifano yetu, ilizipitisha barabara hizo juu ya mitaa ile ile. Leo Watu Weusi ni zaidi ya asilimia 13 ya Wamarekani, lakini kampuni zao zenye waajiriwa ni kama asilimia 3 tu ya zote. Mtu asiye na nyumba ya kuweka rehani wala mjomba wa kumkopesha hawezi kuusubiri mwaka mzima uamuzi wa mhasibu.

Najua nitajibiwa kwamba mikono ya jiji imefungwa na mahakama. Hilo nalijua, na lina asili ya hapa hapa kwetu. Jiji la Richmond, Virginia, liliwataka wakandarasi wake wakubwa wawape wafanyabiashara wa jamii za wachache, yaani Weusi na wengine wasio Wazungu, asilimia 30 ya thamani ya kazi. Kampuni moja ya mabomba ya Ohio, iliyokuwa ikiomba kazi ya kuweka vyoo katika jela ya Richmond, ikapinga, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikaipa ushindi, ingawa nusu ya wakazi wa jiji hilo walikuwa Weusi na kampuni za wachache zilikuwa zikipata chini ya asilimia 1 ya mikataba mikuu. Najua pia kwamba Machi 2025 Rais Trump aliagiza wakala wa serikali kuu wa kuendeleza biashara za wachache, ulioanzia mwaka 1969, upunguzwe kadiri sheria inavyoruhusu. Lakini sijaomba upendeleo wa rangi. Hakuna jaji, wa Ohio wala wa Washington, aliyelikataza jiji kulipa ankara.

Na usiniambie kwamba meya hana nguvu. Maynard Jackson, meya wa kwanza Mweusi wa Atlanta, alipoanza kazi mwaka 1974, kampuni za wachache zilikuwa zikipata chini ya asilimia 1 ya mikataba ya jiji. Alisimama kidete kwamba takriban robo ya kazi ya ujenzi wa uwanja mpya wa ndege iende kwao, wakubwa wakamnunia, na uwanja ukafunguliwa mwaka 1980. Yeye aligawa kazi zenye malipo, nyinyi mnagawa vyeti.

Ninachoomba ni malipo. Nilipeni mimi, mlipeni kijana wa vipaza sauti, mlipeni msusi aliyesuka watu siku nzima mbele ya kamera zenu, na mlipeni mpiga picha ambaye picha zake bado mnazitumia. Kisha wekeni kanuni kwamba mzabuni mdogo alipwe ndani ya siku 30, na kwamba mkandarasi mkubwa asipokee awamu inayofuata kabla hajaonyesha risiti za wadogo aliowatumia. Orodha ya mnaowadai na mnaodaiwa nao itangazwe kila mwezi, tuisome sote. Kama hayo ni mengi kwa bajeti ya mwaka huu, basi fanyeni lile la kwanza tu: tulipeni. Kodi ya pango la mgahawa inadaiwa tarehe 1, na mwenye nyumba hapokei cheti cha shukrani, ingawa ninacho kimoja, chenye sahihi yako.

Namba ya ankara ofisi yako inayo.

Wako mtiifu na mlipa kodi,
Mama mwenye mgahawa, upande wa mashariki