Siku tatu za baba hazitoshi hata kuogesha mtoto

Ndugu mhariri habari za kazi. Nawasoma siku nyingi ila kuwaandikia ndo mara ya kwanza, mnivumilie.

Naishi Gongo la Mboto, kazi yangu stoo Kariakoo, natoka saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala, nikirudi na ile foleni ni saa nne usiku washalala tena. Wa kwanza kakua hivyohivyo, Jumapili moja namnyanyua akapiga kelele anamtafuta mamake utadhani kabebwa na konda wa daladala, watu wakacheka na mimi nikajichekesha tu lakini iliniuma.

Wa pili alivyozaliwa nikaomba likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku 3 za malipo, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama ana 84, anastahili sana, hapo sina neno. Ila siku 3 jamani! Ya kwanza iliisha hospitali, ya pili nahangaika na pampas na mtori, ya tatu wageni. Kenya sheria yao ya 2007 ni wiki mbili na mshahara wote.

Basi nikawa nabadilishana zamu na jamaa kazini, mara moja kwa mwezi kliniki nampeleka mimi. Siku ya kwanza nesi kaniuliza taratibu, "Mama yake amefariki?" Nikamwambia mzima yupo anauza vitumbua. Na hapohapo kipindi cha ujauzito tulikua tunahudumiwa wa kwanza sababu nimeongozana na mke, mpaka nasikia kuna wadada wanamwomba bodaboda ajifanye mume ili wasikae foleni, sasa baba akienda peke yake na mtoto anaonekana kituko.

Ila nesi huyohuyo ndo kanifumbua macho, kasema ongea nae hata kama hajibu, akifika miaka miwili awe anaunganisha maneno mawili. Yule wa kwanza alichelewa kuongea, mamake na biashara mimi barabarani, alikua analelewa na katuni. Huyu siku ambazo nipo nyumbani namuogesha mimi asubuhi huku napiga stori za stoo, ana mwaka na miezi minane anasema "baba maji". Sisemi ni sababu yangu, labda ndo alivyozaliwa, lakini akiamka ananiita mimi kwanza. Mtaani wanasema nimelishwa limbwata.

Serikali Desemba 2021 ilizindua programu ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, humo kuna lishe, afya, ulinzi, kujifunza mapema na kitu wanaita malezi yenye mwitikio, yani mtoto akiita kuna mtu anaitika. Sisi wanaume wengi tumeshika hela ya matumizi tu, hayo mengine tunaona ya mama.

Ombi langu kwa wabunge, siku 3 ziongezwe angalau zifike 14. Na kliniki ziwekwe hata Jumamosi mchana, tupo wengi tungekuja.

Baba wa watoto wawili,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam