Kwa nini sihamii Minneapolis

Ely, Minnesota, Marekani
Januari

Shikamoo Baba, shikamoo Mama.

Huku hatujambo, baridi tu. Baba, ujumbe wako wa sauti nimeupata, na ingawa umesema wewe, maneno ya Shangazi nimeyatambua: eti wenzangu wako Minneapolis wanapikiana pilau kila Jumapili, mimi nimejitupa porini kukaa na mbwa mwitu. Najibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu mtandao wa huko Nansio, Ukerewe, hukatika kila nikifika kwenye hoja yangu.

Ni kweli Ely ni kijimji. Sensa ya 2020 ilikuta watu 3,200 na ushei. Duluth ni mwendo wa saa mbili kwa gari, Minneapolis zaidi ya saa nne, na ukiifuata barabara ya kwenda mashariki lami inakwisha ziwani. Mbwa mwitu nao wapo. Baadhi wana kituo chao kabisa hapa mjini, watalii wanalipa kiingilio kuwaona. Mimi barabarani hukutana zaidi na kulungu, ambao ndio hatari hasa, maana huruka mbele ya gari usiku.

Mama atataka kujua baridi. Lile friza kubwa la kiwanda cha samaki Mwanza huhifadhi samaki kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Januari hapa kuna usiku mwingi ambao mtu akitaka kuota moto angeingia mle. Tower, mji wa jirani, ndio unashika rekodi ya jimbo zima: tarehe 2 Februari 1996 ilishuka hadi karibu nyuzi 51 chini ya sifuri. Gari tunalichomeka kwenye umeme usiku ili injini iamke asubuhi, na ukivuta pumzi vinyweleo vya puani vinaganda. Lakini nyumba zina joto, Mama, mimi nalala na fulana moja.

Kilichonisumbua zaidi ni giza. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi na robo jioni limeshazama. Ukiingia zamu ya mchana hulioni kabisa. Wauguzi wenzangu waliniambia mapema: ukijifungia ndani utazama kwenye huzuni, kwa hiyo toka hata kama hutaki. Hapa hata bibi wa miaka sabini anavaa viatu vya theluji na kuzunguka msituni baada ya chakula.

Mimi natoka kuvua, Baba. Jirani yetu mmoja, mzee mstaafu, ndiye aliyenifundisha. Tunaenda ziwa Shagawa, lililo pembeni kabisa mwa mji, tukitembea juu ya maji. Ana keekee ya betri ndefu kama mimi. Anaisimamisha, inanguruma, vipande vya barafu vinatoka kama nazi iliyokunwa, kisha maji meusi yanapanda ghafla hadi kwenye buti. Anachota vipande kwa upawa wenye alama za inchi kwenye mpini, anautumia huohuo kupima unene. Juzi ulisoma 18. Kwa mtu anayetembea, inchi 4 za barafu safi zinatosha, kwa hiyo usianze kunikemea. Juu ya tundu tunaweka kihema na jiko dogo la gesi, tunakaa na vifimbo vifupi kama mkono. Chambo ni visamaki hai, ukubwa wa dagaa, vinauzwa dukani kwa dazani. Najua unacheka.

Samaki tunayemtaka anaitwa walleye. Macho yake hung'aa ukimmulika, nyama nyeupe, miiba michache. Kwa sato simlinganishi, lakini ukimkaanga na kumrudisha kwenye nyanya na vitunguu, ugali unashuka. Leseni ni lazima, idadi ya kuchukua imepangwa, na kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Mei hakuna ruhusa ya kumvua kabisa, hadi amalize kutaga. Na watu wanatii! Maofisa hufika hadi kihemani kukagua.

Barafu kwa kawaida huisha kuelekea Mei. Hapo wanatoka usubi, wakifuatiwa na mbu, na kupe majanini. Mbu hawa hawana malaria, ila kupe wana ugonjwa wao, kwa hiyo tukirudi tunakaguana hadi nyuma ya masikio. Julai ni kama nyuzi 25 mchana, na mwezi Juni saa tatu usiku bado unaona njia.

Kiangazi ndipo mji hujaa wageni wa mitumbwi. Kaskazini yetu, hadi mpaka wa Kanada, kuna hifadhi ya Boundary Waters yenye maziwa zaidi ya 1,000, na karibu yote hayaruhusiwi injini. Mtumbwi wao una kilo kama 20 tu, mtu mmoja anaubeba mabegani kutoka ziwa moja hadi jingine, mzigo unafuata mgongoni. Kundi halizidi watu 9, makopo na chupa hairuhusiwi kuingia navyo, na maji baadhi ya watu wanachota katikati ya ziwa wanakunywa hivyohivyo. Mimi nachemsha. Nimeona homa ya matumbo ya kutosha kwetu.

Usidhani wenyeji wote wanaipenda hifadhi. Mji huu ulijengwa na chuma. Mgodi wa mwisho, Pioneer, ulifungwa 1967, na mashimo yake sasa ni ziwa ambalo watu wanalizunguka kwa baiskeli. Mgonjwa wangu mmoja alifanya kazi humo akiwa kijana. Anasema migodi ililipa mishahara ya kulea watoto, utalii unalipa ya kupangisha mitumbwi. Mwaka 2023 serikali kuu ilizuia uchimbaji kwa miaka 20 katika zaidi ya ekari 225,000 za jirani, ambako kuna shaba. Wengine walishangilia, wengine wakanuna, na ubishi haujaisha. Mimi nikishika mapigo ya moyo sichangii.

Shida ninazo. Nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangishia watalii kwa usiku, kwa hiyo kupata ya kukaa mwaka mzima kulinitoa jasho. Bila gari huishi. Daktari bingwa yuko Duluth. Unga wa mahindi wa dukani ni wa njano na una chenga, kwa hiyo mweupe naufuata Minneapolis na kuujaza kwenye buti la gari. Weusi tuko wa kuhesabu. Watu hunitazama, kisha wanasalimia, wakiuliza kwetu wapi nasema kisiwani, na baada ya hapo ni habari za samaki tu.

Kwa hiyo Shangazi mwambie sihami. Minneapolis baridi ni hiyohiyo karibu, kodi juu, na ziwa la kuvua ningeliendea kwa foleni. Pilau nitaifuata Pasaka.

Mkipata viza njooni Agosti, usubi wameshapungua. Tarehe nitajie mapema, maana vibali vya kuingia hifadhini vina idadi kwa kila siku na huisha haraka. Mama alete koti lolote tu, mengine yapo hapa. Wewe lete kasia lako kama uwanja wa ndege watalikubali.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanenu