Mwenye fedha kidogo aangalie gari chini kabla ya juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme na wenzangu wa Unguja na Pemba ambao hukusanya fedha kidogo kidogo, aghalabu kwa upatu au kwa mchango wa familia, wakitaraji kununua gari iliyokwishatumika. Mwalimu wa skuli, muuguzi au mchuuzi hana fedha ya kukosea mara mbili, na kwa hivyo ushauri anaohitaji si ule unaomfaa mtu awezaye kuiuza gari mbovu kwa hasara na kuagiza nyengine. Kwa maoni yangu, katika visiwa vyetu mnunuzi wa namna hii aanze na bodi na chasisi kwa upande wa chini, na injini aje nayo baadaye, ingawa wengi wetu hufanya kinyume chake.

Injini iliyochoka ina dawa. Gari zilizoenea hapa kwetu, kama Toyota Vitz na IST, zinajulikana na mafundi, vipuri vyake vinapatikana, na ikibidi injini nzima huweza kutolewa ikatiwa nyengine iliyotumika. Chasisi iliyoliwa na kutu haina dawa ya bei nafuu. Fundi akichomelea bati jipya juu ya lililooza, kutu huendelea kula pembeni ya kiraka, na pale panaposhikilia springi na shokapu pakishadhoofika, gari hiyo ni hatari kwa waliomo ndani na kwa wapitao njiani, hata kama injini yake inanguruma vizuri.

Kutu hiyo haianzi kila mara hapa. Katika mikoa ya kaskazini ya Japani, ikiwemo Hokkaido, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na gari iliyotumika huko huweza kuwa imeanza kuliwa chini kabla haijapakiwa melini. Ikifika kwetu hukutana na upepo wa bahari mwaka mzima. Walio katika hatari zaidi ni wanunuzi wa gari ndogo za mizigo, kwa sababu nyingi zimewahi kubeba samaki au mwani mbichi, na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye shehena huingia katika mikunjo ya bati ambako hayakauki upesi. Rangi ya juu haitakwambia lolote kuhusu hayo.

Basi gari inyanyuliwe, au iendeshwe juu ya shimo la gereji, na fundi aliyeletwa na mnunuzi mwenyewe aingie chini na taa. Agongegonge kwa mpini wa bisibisi kwenye kingo zilizo chini ya milango, kwenye sakafu na penye viungo vya magurudumu. Bati zima hulia, na lililooza hutoa sauti nzito au hutoboka. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini nzima itiliwe shaka mpaka ikwanguliwe kidogo. Ndani, zulia linyanyuliwe na mikanda ya viti ivutwe hadi mwisho, kwani gari iliyozama katika mafuriko ya masika huacha tope na alama ya maji mahali ambapo aliyeisafisha hakupafikiria.

Baada ya hapo ndipo ije zamu ya injini. Iwashwe ikiwa baridi kabisa, maana muuzaji aliyekwishaipasha moto kabla hujafika huenda ana jambo analolificha. Moshi wa buluu unaonesha kuwa oili inaungua, na moshi mweupe usiokoma, pamoja na oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ni dalili kwamba maji yanaingia yasikotakiwa. Injini ya 1NZ ya IST hutumia cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali za injini, lakini injini ya 5A iliyomo katika Corolla nyingi za miaka ya 1990 hutumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita zipatazo 100,000, na asiyeweza kuthibitisha kuwa umebadilishwa ahesabu gharama hiyo katika bei.

Kwa sisi wa Pemba kuna jambo jengine. Wengi wetu tunanunua Unguja, tunaijaribu gari katika barabara za mjini zilizo tambarare, kisha tunaipakia melini. Ikishateremshwa Mkoani inaanza kupanda vilima, na hapo ndipo rejeta iliyoziba na gia boksi ya otomatiki iliyochoka hujulikana, wakati muuzaji keshapokea fedha zake. Anayenunua Unguja aiendeshe kwa muda mrefu ikiwa imejaa watu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, huku akitazama mshale wa joto.

Kuhusu fedha, mwenye milioni 8 asitafute gari ya milioni 8. Atafute ya milioni 6 na nusu, na iliyobaki iwe ya uhamisho wa umiliki, bima, oili, breki, betri na tairi. Tairi lenye kashata nzuri huenda likawa zee. Tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni humaanisha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Namba ya chasisi nayo ilinganishwe na kadi, na kadi ihakikiwe katika ofisi inayosajili vyombo vya moto kabla ya kutoa hata arbuni.

Ombi langu kwa wauzaji na madalali ni kwamba wakubali gari inyanyuliwe kabla ya kupokea chochote, na wale wanaoagiza kutoka Japani waoneshe karatasi ya mnada, ambayo huonesha kilomita zilizosomwa gari ilipokaguliwa kwa ajili ya mnada, na ambayo kwa alama ya R au RA huonesha kuwa gari iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Mafundi nao nawaomba waweke bei inayojulikana ya ukaguzi, na wamwandikie mteja matokeo kwenye karatasi yenye saini, ili ayapeleke kwa muuzaji na kuzungumza naye bei kwa ushahidi.

Wako,
Mkaazi wa Chake Chake,
Pemba.