Niandikie Ulichokiona Siku Ile

Morogoro, Jumapili jioni

Shoga yangu wa kitanda cha chini,

Habari za masiku? Huku hatujambo. Baba watoto mzima, watoto wazima isipokuwa huyu wa mwisho mwenye kikohozi cha vumbi. Najua utashangaa kuletewa karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimeanza kukuandikia kwenye simu mara tatu nikafuta. Jambo lenyewe refu, halafu lina swali ndani yake, na sitaki ulijibu mbiombio huku unampimia mteja sukari.

Ni hivi: bado naanguka.

Wewe ulidhani yale ya chuoni yaliisha, na kosa ni langu. Kila ulipouliza nilikuwa nimekaa miezi minne au mitano salama, nikakujibu nimepona. Juzi nimekaa na daftari la zamani la maandalio ya masomo, nikahesabu mara zote nilizozimia kuanzia ile ya kwanza ya mwaka 2012. Zimefika 17. Bwalo la chuo, unaijua. Kanisani mara mbili, zote Jumapili ya Matawi, tumesimama tunasikiliza ile Injili ndefu ya Mateso. Foleni ya benki. Msibani kwenye jua. Ndani ya daladala iliyojaa, na humo nilizimia nikiwa wima kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuangukia. Abiria walinibana hivyo hivyo mpaka kituo cha mbele, wananisimulia kuwa nilitikisika kama mtu aliyeshika waya wa umeme.

Ukizisoma kwa mfululizo namna hiyo, hata wewe muuza duka unaona kitu. Mimi sikukiona, maana kila moja nilikuwa naikimbia peke yake. Naanguka, napimwa, naambiwa sina kitu, narudi nyumbani najaribu kusahau. Na kupimwa kwenyewe! Malaria, sukari, wingi wa damu, presha, na mimba. Mimba kila mara, hata nilipowaambia nina wiki tatu tangu nijifungue. Ukiwa mwanamke ukazimia, kwanza una mimba, isipopatikana una mawazo, na mawazo nayo yasipopatikana una majini. Nimefukizwa, nimeombewa, nimeshikwa kichwa na mchungaji mmoja mpaka shingo ikaniuma wiki nzima. Ya huko nitakuchekesha siku tukionana.

Nikusimulie ya mwezi wa pili mwaka huu, maana ndiyo iliyonifikisha Dar.

Asubuhi, mstarini. Nimesimama nyuma ya darasa langu la tano. Mwalimu mkuu anatangaza habari za michango ya chakula. Milima ya Uluguru iko wazi, hakuna hata wingu moja la kutusitiri. Nikaanza kupiga miayo. Kisha sikio la kulia likavuma kama redio iliyopoteza stesheni, na sauti ya mwalimu mkuu ikawa inatoka mbali, kama anaongelea ndani ya mtungi. Jasho la baridi likashuka mgongoni. Bendera nikaiona nyeupe yote. Hapo nilikuwa najua kabisa kinachokuja, na dawa yake ilikuwa kukaa chini palepale kwenye vumbi. Nikasema moyoni, ngoja amalize, atamaliza sasa hivi. Wewe unamjua mwalimu mkuu gani anayemaliza sasa hivi?

Sikufika chini. Wenzangu wawili walinidaka kwapani wakanishikilia nimesimama, wananiita jina, na mpishi akaletwa mbio na kitunguu kilichokatwa. Wanasema nilikakamaa, mikono ikarukaruka, macho yako wazi hayamwoni mtu. Watoto wakapiga kelele. Mwishowe mikono ya wenzangu ikachoka, wakanilaza, na nilipolazwa tu nikazinduka. Nikajua nilipo, nikajua siku, nikaukumbuka hata mchango wenyewe kuwa ni elfu kumi. Nilichokosa ni hizo sekunde za katikati, na heshima.

Siku hiyo hiyo mchana mtoto mmoja, msichana mkimya anayekaa dawati la mwisho, alinifuata mlangoni akaniambia, "Mwalimu, mimi nilijua utaanguka. Ulipiga miayo mara nyingi, halafu midomo ikawa kama majivu. Hata ile siku ya mtihani ilikuwa hivyo." Mtoto wa miaka 11! Tangu nianze kuhangaika na hospitali, hakuna aliyewahi kuniambia nilikuwa na rangi gani kabla ya kuanguka, na mimi sikuwahi kumwuliza mtu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ukikaa vibaya, kaa vizuri.

Mwaka 2021, baada ya ile ya benki, nilipelekwa hospitali moja nikakutana na daktari kijana, mpole, nampa haki yake. Alinifungua mdomo akamulika tochi. "Hili jino la mbele lilikatika lini?" Nikamwambia nilipoanguka mara ya kwanza, chuoni. "Na ulimi?" Nikasema uliumia pembeni, ulitoka damu. Akaandika. Akaniuliza asili yangu ni wapi, nikasema mama ni wa Mahenge. Nikamwona anaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza.

Unajua habari za Mahenge. Kwa akina mama kule kifafa ni ugonjwa wa jirani, kila ukoo una mtu wake aliyeungua motoni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 60, yule daktari wa Norwe, Louise Jilek-Aall, alikuwa na kliniki ya kifafa hapo hapo Mahenge, na bibi yangu alikuwa akiwataja watu waliokwenda huko kuchukua vidonge. Kwa hiyo mimi mwenyewe sikubisha. Mama alilia kidogo akasema, "Basi limetufikia." Nikapigwa kipimo cha umeme wa ubongo, kikaja safi. Nikaelezwa kuwa kipimo safi hakifuti kifafa, na hilo nimekuja kuhakikishiwa kuwa ni kweli, kifafa kinaweza kukaa kimya wakati unapimwa. Nikaanzishiwa kabamazepini.

Shoga, zile dawa zinawaokoa watu wenye kifafa, sizisemi vibaya. Mimi zilinifanya gogo. Niliandika ubaoni tarehe ya mwaka uliopita na watoto wakanakili. Nilisahau majina ya wanafunzi niliowafundisha tangu darasa la tatu. Na bado nikaanguka. Nikaongezewa dozi, nikaanguka, nikaongezewa tena. Shuleni kikombe changu cha chai kikawekwa alama kwa rangi ya kucha, eti kisichanganywe. Hakuna aliyekiri kuiweka. Nikakinywea hivyo hivyo miaka mitatu, na kifafa chenyewe hakiambukizwi kwa kikombe wala kwa mate.

Daktari niliyemfuata Dar baada ya ile ya mstarini ni mama wa makamo, daktari wa moyo. Hakuanza na mdomo. Alisema, "Nianzie dakika kumi kabla ya kuanguka." Kila moja, zile ninazozikumbuka. Nilikuwa nimesimama au nimekaa? Kulikuwa na joto? Nilikuwa nimekula? Nilisikia nini, niliona nini, nilizinduka vipi, nilijikojolea, nililala baada ya hapo au niliendelea na kazi? Kisha akanilaza dakika tano akapima presha na mapigo, akanisimamisha akapima tena, na tena, na tena, hatuongei. Sikuanguka. Nikaona aibu kama mtu aliyepeleka redio kwa fundi ikaimba vizuri.

Akanichorea kwenye karatasi. Ukisimama muda mrefu, damu inatuama miguuni. Mwili unatakiwa ukaze mishipa na moyo uongeze mwendo. Kwa watu wengine, katikati ya kazi hiyo, neva moja ndefu inayotoka kichwani hadi tumboni, inaitwa vagasi, inatoa amri ya kinyume, moyo unapunguza mwendo, na amri ya kukaza mishipa nayo inakatika: mishipa inalegea, presha inaporomoka, ubongo unakosa damu, unaanguka. Ukishalala chini kichwa kinalingana na moyo, damu inarudi, unaamka. Kuanguka kwenyewe ndiyo tiba. Anayekushika wima kwa huruma anauzuia ubongo usipate damu, na hapo ndipo viungo vinaporuka. Alinisimulia kuwa mwaka 1994 madaktari wa Ujerumani walichapisha utafiti wa vijana wazima wa afya waliojizimisha kwa hiari, wanachuchumaa, wanahema mbiombio, wanasimama ghafla, huku video inarekodi. Mizimio 56. Wengi mno walitikisika, na macho wazi. Hakuna aliyekuwa na kifafa.

Nilitaka kumkumbatia. Akaniambia tusishangilie bado, maana kuna moja inamsumbua: ile ya mwaka juzi, nilipozimia nimekaa mezani nasahihisha madaftari, bila miayo, bila jasho, moyo umepiga mbio kidogo tu kisha giza. Hiyo haifanani na wenzake, na ya moyo haichezewi. Nikapigwa eko, yaani picha ya moyo, moyo mzuri. Kipimo cha umeme wa moyo, mzuri. Nikafungwa mashine ya Holter ya kurekodi mapigo ya moyo, waya kifuani saa 24, nikapanda nayo basi, nikapika nayo. Siku hiyo moyo ulitulia kama mtoto aliyeshiba. Hilo ndilo tatizo la ugonjwa huu, hauji ukiitwa. Kuna kitanda wanachokufunga mikanda halafu wanakiinua hadi nyuzi 60 au 70, unakaa wima hapo hata dakika 40 wakikusubiri uzimie mbele yao. Kuna kifaa kidogo, kama kipande cha chaki, kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua na kusikiliza moyo hata miaka mitatu. Akasema huko tutafika ikibidi. Kwanza tumalize kisichotozwa hela, ndio mashahidi.

Ndipo akanifungua mdomo. "Na hili jino?"

Nikaanza kumwambia kama nilivyomwambia yule kijana. Katikati ya sentensi nikanyamaza. Nilikumbuka nimelala sakafuni bwaloni, mdomo una ladha ya chuma, na karibu na sikio langu kuna kijiko. Kile kijiko chako kikubwa cha kutoka kwenu, ulichokichonga herufi mpinini ili kisiibiwe. Na wewe umepiga magoti unalia.

Shoga, nakuomba usinielewe vibaya. Kama ulinitia kijiko mdomoni, ulifanya tulichofundishwa sote, kwamba mtu asimeze ulimi. Ulimi haumezwi, nimefundishwa juzi nikiwa na miaka 34. Mtu anageuzwa ubavu, analegezwa nguo shingoni, mdomoni haingii kitu. Sikulaumu hata chembe. Mtu pekee aliyebaki siku ile foleni nzima ya bwaloni ilipotawanyika ni wewe. Lakini lile jino liliandikwa kwenye faili langu kama ushahidi, na yote yaliyofuata yaliandikwa juu yake. Ninataka kujua ni jino la kifafa au ni jino la kijiko.

Kwa hiyo kaa siku moja dukani kukiwa kimya, uniandikie ulichokiona. Nilikuwa nimesimama muda gani kwenye ile foleni? Nilikuambia lolote kabla? Midomo ilikuwa na rangi gani? Nilianguka kama mti au nililegea kama nguo inayoteleza kwenye kamba? Kutikisika kulianza nikiwa nimelala chini au mlipokuwa mmeniinua? Damu ilitoka kabla ya kijiko au baada? Usipokumbuka kitu andika hukumbuki. Usiniandikie unachodhani kitanifurahisha, nakujua.

Narudi Dar tarehe 14 mwezi ujao. Kabamazepini ananipunguzia kidogo kidogo, amenionya nisizikatishe ghafla hata nikijiona mzima. Natembea na chupa ya maji kama mchezaji, chumvi nimeruhusiwa kwa sababu presha yangu ni ya chini, na miayo ikianza napishanisha miguu nakaza mapaja na ngumi, isiposaidia nachuchumaa. Mstarini siku hizi yule msichana wa dawati la mwisho anasimama karibu yangu. Juzi alinivuta sketi akaninong'oneza, "Mwalimu, miayo miwili." Nikakaa chini mbele ya shule nzima, na mwalimu mkuu akaendelea kutangaza.

Barua mpe kondakta wa basi la asubuhi la kutoka Iringa, nitaipokea Msamvu. Mwambie anipigie akishavuka Mikumi, nisiende mapema. Sitaki kusubiri basi nimesimama.

Nisalimie mama na wateja wako wakopaji.

Ni mimi mwenzio,
wa kitanda cha juu