Kabla hujaliwasha gari la babu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mimi na mama yako. Yeye alicheka, mimi nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sijakasirika hata kidogo. Nimefurahi kwamba katika wajukuu wote amepatikana mmoja anayeliona lile Peugeot 404 kuwa ni gari, si kiota cha kuku wa bibi yako. Ila umesema mambo mawili yaliyoninyima usingizi: kwamba lazima litembee kabla ya harusi ya binti wa shangazi yako, na kwamba fundi amekuambia ni betri tu na petroli mpya. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Baba zako wadogo watakuambia gari liliegeshwa kwa sababu injini ilikufa. Injini ile haijafa. Babu yako alikuwa anateremka kutoka Amani, na barabara ile unaijua, kona juu ya kona na bonde ubavuni, kanyagio la breki likazama mpaka chini bila kushika kitu. Akarudi gia moja baada ya nyingine mpaka namba moja, akawa anavuta breki ya mkono kidogo kidogo, mwisho akaliegemeza kwenye ngema. Alifika Muheza jioni, anakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Akaliingiza chini ya yale mabati, akang'oa betri, akasema litakaa hapo mpaka zipatikane raba za masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Raba hazikupatikana, uzee ukamfika, halafu Mungu akamchukua. Kwa hiyo hilo gari unalotaka kuliwasha, siku yake ya mwisho lilikuwa linawaka vizuri sana. Kilicholishinda ni kusimama.

Basi anza na breki. Najua haina raha, maana kila mtu anataka kusikia mlio. Lakini gari linalowaka na halisimami ni hatari kuliko lile lililolala, na ukishasikia mlio hutakuwa na subira ya kufungua magurudumu. 404 ya umri ule ina breki za dramu mbele na nyuma, na mfumo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne, yaani tundu moja dogo popote linakunyang'anya breki zote kwa pamoja. Hicho ndicho kilichompata babu yako. Fungua kila wili silinda, ile pampu ndogo ya breki iliyo kwenye gurudumu. Utakuta vipistoni vimeganda kwa kutu, kwa sababu mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na miaka yote hiyo unyevu huo umekuwa ukila chuma polepole. Yenye vishimo ndani usiisugue ukairudisha, nunua nyingine. Paipu za mpira zitupe zote hata kama kwa nje zinang'aa. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani, unakanyaga mafuta yanapita, unaachia hayarudi, gurudumu linabaki limebanwa. Na asije mtu akakuwekea oili ya injini kwenye kikopo cha breki "kwa muda tu". Raba zitavimba, na kazi yote utairudia.

Sasa injini, maana najua ndiyo unayoingojea. Fundi wako akitaka kulivuta kwa kamba au kulibusti kwa betri ya pikapu yake, mpe chai aondoke. Oili yote imeteremka zamani kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, pistoni na beringi ni kavu, na huenda ringi za pistoni zimeshikana na slivu, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kulilazimisha lizunguke hivyo ni kuikwangua ndani injini iliyokuwa nzima.

Toa plagi. Zimezama ndani ya visima, kwa hiyo puliza kwanza uchafu usije ukatumbukia kwenye silinda. Mimina oili kidogo nyepesi katika kila silinda. Hapa 404 ina ukaidi wake: injini haikusimama wima, imelazwa nyuzi 45 upande wa kulia. Oili unayoimimina inakimbilia upande mmoja wa pistoni na upande wa juu unabaki mkavu. Ndiyo maana usimimine mara moja ukaridhika. Mimina, iache ilale, ongeza kesho, halafu mbele kwenye bampa utaona tundu la kuingizia hendeli. Hendeli yenyewe iko nyuma ya kabati la bibi, amefunikia kanga. Zungusha kwa mkono, plagi zikiwa nje. Ikigoma usiiongezee bomba refu upate nguvu. Iache, kanywe chai, rudi kesho yake. Ikikubali hata robo ya mzunguko, umeshinda.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi wa siku hizi hawana habari nacho, kwa kuwa magari wanayoyazoea hayakuundwa hivi. Slivu za 404 zimesimama ndani ya maji yenyewe ya kupoozea, na chini yake kuna vizuizi vinavyotenganisha maji na oili. Vikikaa miaka mikavu hunyauka. Kabla hujaiwasha, jaza maji kwenye rejeta, liache gari usiku mzima, asubuhi legeza taratibu bolti ya sampo. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Ukiona matone ya maji, simama hapo hapo, kazi imekuwa nyingine. Ukiona oili nyeusi tupu, imwage yote, weka mpya, na umshukuru Mungu.

Tangi usiliamini. Petroli iliyobaki humo imeshageuka gundi yenye harufu ya rangi, na chini kuna kutu. Lishushe, lioshe, na kwa kuwasha mara ya kwanza tumia kigaloni kidogo kilichofungwa vizuri mbali na ekzosi, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Usimruhusu mtu amimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine anapiga stata. Watu wameungua nyuso kwa mchezo huo. Kabureta ni Solex, haina makuu: fungua, safisha jeti kwa hewa, usizichokonoe kwa waya. Pampu ya petroli badilisha diaframu. Ikiwa imechanika, petroli hutiririka ndani ya injini na kuharibu oili, na utaijua kwa kunusa kile kijiti cha kupimia.

Umeme sina wasiwasi nao, ila panya. Angalia kila waya. Pointi za distributa zisugue kwa msasa laini, acha nafasi ya kama milimita 0.4, na ukichanganya nyaya za plagi kumbuka mpangilio ni 1-3-4-2. Kabla ya kurudisha plagi piga stata mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo unaweza kutafuta moto.

Watakuambia pia petroli ya sasa haina madini ya risasi, itaua valvu. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na risasi kufikia 2006, na silinda hedi ya 404 ni ya aluminiamu yenye viti vya valvu vilivyopachikwa vya chuma kigumu. Hilo liache kwa wanaopenda kubishana kijiweni.

Kwenye difu, zile gia za nyuma zinazozungusha magurudumu, nisikilize vizuri. Difu ya gari hili haifanani na za magari mengine: ndani kuna skurubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na kiwanda kiliagiza oili ya mmea, ya nyonyo, wala usiichanganye na oili ya madini. Ukienda dukani ukasema "nipe oili ya difu" utapewa ile kali yenye salfa, nayo inaila shaba. Giaboksi yenyewe inatumia oili ya injini. Babu yako alikuwa akiwacheka vijana wa petroli stesheni kwa hilo. Alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyefungasha virago baada ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967, na alilichagua makusudi. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Dar es Salaam walikuwa wameshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967, mara zote kwa 404. Ukikaa naye barazani lazima angekukumbusha pia ile ya 1963, magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyomaliza, la kwanza likiwa 404. Alilisifu hivyo hata miaka ile ya shida ya mafuta, serikali ilipokataza magari binafsi barabarani Jumapili mchana. Jumapili hizo alikuwa analiosha tu, analifuta vumbi, analitazama.

Kuhusu harusi jibu langu ni hapana. Gari halijui tarehe. Ukiliwekea siku, wewe na fundi mtaanza kuruka mambo, na mtaanzia kuruka breki. Bibi harusi mkodishieni gari. Rangi nayo isikushughulishe kwa sasa, hata kutu ya milango. Matairi yaliyopo, hata kama meno yake yako salama, yamepasuka mbavuni, hayafai hata kwenda sokoni.

Hela ya wili silinda na paipu nitakutumia nikipata pensheni. Risiti nitumie picha, si kwamba sikuamini, nataka kuona bei.

Likiwaka, lizungushe uani kwa bibi, lisimamishe, lirudishe nyuma, lisimamishe tena. Kisha teremka, shika kila dramu kwa kiganja, taratibu. Ikiwepo moja yenye moto kuliko nyingine, nipigie kabla hujaifungua.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako