Mhariri, ule moyo mliouchapa umekaa upande wa kulia

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya magonjwa adimu na vipimo vya picha. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza harakaharaka nikiwa zamu na ya pili nyumbani nimetulia, na niseme ukweli mwandishi wenu kajitahidi, eksirei kaeleza, ultrasaundi kaeleza, CT (ile eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande) na MRI (picha ya sumaku) kaeleza, hata Röntgen aliyegundua eksirei na ile picha ya mkono wa mkewe wenye pete ya Desemba 1895 hakuisahau. Ila ile eksirei ya kifua mliyoiweka juu ya makala, moyo wake umeelekea siko. Mimi kazi yangu ni kupiga hizo picha, miaka mingi sasa, kwa hiyo jicho lilienda hapo hata kabla sijasoma kichwa cha habari.

Nieleze kwa asiyejua. Eksirei ya kifua inatazamwa kama vile mgonjwa kasimama mbele yako mnaangaliana uso kwa uso, kushoto kwake ni kulia kwako, kwa hiyo ncha ya moyo inatakiwa ielekee mkono wako wa kulia wewe unayetazama. Ya kwenu imeelekea kushoto kwako, yaani kulia kwa mgonjwa. Na ile herufi ya pembeni ya kuonyesha upande haipo, nadhani imekatwa ili picha ienee kwenye safu. (Herufi yenyewe ni ya madini ya risasi, mionzi haipiti, ndiyo maana kwenye picha inatokea nyeupe, na tunatumia L na R za Kiingereza maana kwa Kiswahili kulia na kushoto zote zinaanza na K, tungeuana.)

Sasa hapo ni mawili. Ama msanifu kurasa wenu kaigeuza ipendeze, ama mwenye hicho kifua ni mmoja wa watu ambao viungo vyao vimekaa kinyume, moyo kulia, ini kushoto, bandama kulia, yaani kama unamuona kwenye kioo. Wapo hao, inakadiriwa ni mtu 1 katika kila watu 10,000 hivi, na wengi wao wana afya zao nzuri tu, wanakuja kujua wakubwa kabisa wakipimwa kwa jambo jingine. Shida inakuja siku akiumwa. Kidole tumbo kikimuwaka anashika tumbo upande wa kushoto, na daktari anayemuona kwa mara ya kwanza hana sababu ya kuwaza kidole tumbo upande huo.

Najua kuna mtu atasema ah, picha ya gazeti tu hiyo, imegeuzwa kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba hilo kosa na mimi nililifanya, tena nikiwa na mgonjwa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja kijana mmoja, mwembamba, ameshika leso muda wote. Fomu yake imeandikwa neno moja, kikohozi. Nikampiga picha, ikatokea kwenye skrini, moyo kulia. Nikajua nimekosea mimi, labda nimemgeuza vibaya, labda nimechagua mpangilio siyo, na kwenye kompyuta kuna kitufe cha kupindua picha, unabofya mara moja moyo unarudi unapotakiwa na hakuna atakayekuuliza. Nikabofya. Nilikuwa nataka kuituma kabisa, mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu akapita nyuma yangu, akainama, akaniuliza, mwanangu, mbona hii R yako inasomeka kinyume? Kweli, naangalia, ile herufi ya risasi mgongo wake umehamia upande wa pili, picha ilikuwa sawa tangu mwanzo na mimi ndiye nimeiharibu.

Yule mzee hakunifokea. Alimwita kijana arudi, akamuuliza maswali mawili, umeanza lini kukohoa, akasema tangu nilivyopata akili, na pua je, akasema pua yangu haijawahi kuwa wazi hata siku moja. Alishatibiwa nimonia sijui mara ngapi, kozi nzima ya dawa za TB alishameza, na bado anakohoa. Akarudishwa kwa daktari na maelezo marefu, akaenda CT ya kifua, ikaonekana njia za hewa zimetanuka na kuharibika na makohozi yametuama humo ndani, sainasi nazo, yale matundu ya ndani ya mifupa ya uso, zimejaa. Hayo mambo matatu pamoja, viungo kukaa kinyume, njia za hewa kutanuka na sainasi zisizopona, daktari Manes Kartagener wa Zürich aliyaandika mwaka 1933 na hali hiyo ikabaki na jina lake.

Na sababu yake ndiyo inanifurahisha mimi mpaka leo. Ndani ya pua na kwenye njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana, huvioni kwa macho, kazi yake ni kufagia makohozi yapande juu yatoke. Kwa watu hawa havifagii. Sasa mtoto akiwa tumboni, zile wiki za mwanzo kabisa, kuna vinyweleo vya ukoo huohuo vinavyozungusha majimaji yaelekee upande mmoja, na huo mkondo ndio unaouambia mwili kwamba kushoto ni huku. Visipozunguka, mwili unarusha sarafu. Ndiyo maana karibu nusu ya wenye tatizo hilo viungo vyao vimegeuka na nusu nyingine vimekaa kawaida tu, hao wa kawaida ndio kazi kweli kuwagundua maana eksirei yao haina cha kukushtua. Hata mkia wa mbegu za kiume umejengwa kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo wanaume wengi wao wanahangaika kupata mtoto.

Picha haikumaliza kesi, kuna vipimo vya vinyweleo vyenyewe na vya vinasaba vinavyothibitisha, na dawa ya kuondoa tatizo kabisa hakuna. Ila alifundishwa mazoezi ya kutoa makohozi kila siku na akawa anatibiwa maambukizi mapema kabla mapafu hayajazidi kuharibika. Sasa fikiria ile picha ingeondoka kwangu imepinduliwa.

Ndiyo maana pale mwandishi wenu aliposema mashine za kisasa zinaona kila kitu sikukubaliana naye. Mashine inaona, sawa, lakini anayesoma anatafuta alichoambiwa atafute. Fomu zinazotufikia, mhariri, ukiziona utacheka halafu utahuzunika: mgongo, kichwa, tumbo, basi. Nawaomba madaktari wanaosoma gazeti hili waongeze sentensi mbili tu, ameanza lini, nini kimeshajaribiwa kikashindikana. Kuna ugonjwa unafupishwa FOP, inakadiriwa mtu 1 katika milioni 1 au 2, misuli na kano za mtoto zinageuka mfupa kidogokidogo, na kila ukimkata pale palipovimba kuchukua kinyama cha kupima unachochea mfupa mwingine uote. Watoto wamekatwa hivyo wakidhaniwa wana saratani. Na karibu wote wamezaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi vilivyopinda kuelekea ndani! Eksirei ya bega pekee haitakuambia hilo, ila mtu akiandika kwenye fomu "angalia na miguu", au hata akimvua mtoto soksi, wembe unawekwa chini. Mwaka 2006 kinasaba chake kilijulikana kwa hiyo hata kuthibitisha siku hizi ni damu tu.

Kuna na kinyume chake, mtu ameanguka kapigwa eksirei ya nyonga, mifupa imejaa vidoa vyeupe kama imenyunyiziwa chokaa, anaambiwa saratani imesambaa, familia inaanza kulia. Kumbe ni vidoa alivyorithi, haviumi, havihitaji dawa yoyote. Angekuwa ametunza picha yake ya miaka kumi iliyopita ingeonekana vidoa ni vilevile, na mambo yangeishia hapohapo. Kwa hiyo wasomaji wenzangu msitupe filamu wala sidii za zamani, na msiziache juu ya kabati siku ya kwenda hospitali.

Simaanishi kila mwenye kikohozi ana ugonjwa adimu akadai CT, mionzi ya CT ni mingi sana kuliko ya eksirei moja ya kifua, na kikohozi kingi ni kikohozi tu.

Turudi kwenye picha yenu. Kama bado mnalo faili lenyewe kabla halijakatwa, nawaomba mlifungue mtazame pembeni kwenye kona. Herufi ikisomeka kinyume, mwambieni msanifu kurasa asirudie na tuyaache hayo. Lakini ikisomeka sawasawa, basi ulizeni mliipata wapi, maana inawezekana kuna mtu anatembea na moyo kulia na hakuna aliyemwambia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga picha za eksirei